Mirathi Iliyoandikwa Kabla ya Harusi

Swali: "Mwalimu, shikamoo. Mimi na mama mkwe tunapenda sana tamthilia za Kiingereza za zamani, zile za majumba makubwa na magari ya farasi. Hadithi ni ileile kila mara: baba ana mabinti watupu, na akifa nyumba na mashamba vinakwenda kwa binamu wa mbali ambaye hata hawampendi. Kwa nini baba asiandike wasia tu yakaisha? La pili, naona bibi harusi ndiye anayekwenda na pesa kwa mume. Hiyo ni mahari iliyogeuzwa? Na la mwisho, Waingereza walipokuja kututawala, walituletea sheria hiyo huku pwani?" Msomaji, Tanga.

Jibu: Marahaba, mwanangu, na mama mkwe umfikishie salamu. Swali lako la kwanza ndilo zito, kwa hiyo nitalikalia zaidi.

Baba wa kwenye tamthilia haandiki wasia kwa sababu hana cha kuusia. Farasi wake, vitabu vyake, mvinyo ulio stoo, hivyo angeweza kumwachia amtakaye. Nyumba na mashamba, hapana. Alichokuwa nacho ni haki ya kukaa humo na kula kodi za wakulima waliopanga ardhi ile mpaka atakapokata roho. Nani amfuate baada yake lilikwisha kuamuliwa zamani, mara nyingi wiki chache kabla ya harusi yake mwenyewe, mezani kwa wakili, baba yake akiwa upande huu na baba wa mchumba upande ule. Sisi tumezoea kuzungumza mirathi baada ya arobaini. Wao waliimaliza kwenye posa, wakawagawia watoto ambao hata mimba zao hazijatunga.

Ninaosema habari zao ni wale ninaowaita mamwinyi wa mashambani, kwa kukosa neno lililo bora. Wengi wao hawakuwa malodi. Walikuwa watu wenye ardhi ya kutosha kuishi kwa kodi bila kushika jembe, na ardhi hiyo ndiyo iliyowapa kiti cha uhakimu wilayani na sauti katika uchaguzi wa mbunge. Ikikatwa vipande, heshima nayo inakatika. Hofu yao kubwa ilikuwa mambo matatu: mwana mpotevu atakayeuza, binti atakayeolewa akaihamishia kwenye jina la watu wengine, na mjane kijana atakayeishi miaka hamsini akila pato la familia.

Sheria ya kawaida ya Uingereza ilimpa ardhi yote mwana wa kwanza wa kiume. Kulikuwa na sehemu chache zenye mila tofauti. Kent, kwa mfano, wana wote wa kiume waligawana sawa, na kuna vijiji ambako kitindamimba ndiye aliyerithi. Mila hizo ziliishi kwenye vitabu vya sheria mpaka zilipofutwa mwaka 1925. Lakini sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Marehemu asipokuwa na mwana wa kiume, sheria hiyohiyo iliwapa mabinti zake ardhi, wagawane sawa, na iliwaweka mbele ya ami na binamu. Kwa hiyo yule binamu wa mbali hakuletwa na sheria ya nchi. Aliletwa na karatasi za familia.

Karatasi hizo zina historia ndefu. Mwaka 1285, enzi ya Mfalme Edward wa Kwanza, ilitungwa sheria iliyomruhusu mtu kutoa ardhi kwa mwingine "na warithi wa mwili wake", na ardhi ikafungwa humo: aliyepewa hawezi kuiuza, lazima iteremke kwa kizazi chake. Mtoaji angeweza hata kuagiza kwamba iteremke kwa wanaume peke yao. Ilionekana kama kufuli lisilo na ufunguo. Mawakili, kama ilivyo ada yao, walichonga ufunguo, na kufikia mwishoni mwa karne ya 15 ulikuwa unatumika waziwazi.

Ufunguo wenyewe ni mchezo wa kuigiza mahakamani, na kila nilipoufundisha wanafunzi walidhani natia chumvi. Rafiki wa mwenye ardhi anamshitaki kwamba ardhi ile ni yake. Mwenye ardhi habishi. Anasema tu kwamba kuna mtu aliyemhakikishia uhalali wake, basi aitwe huyo ajibu. Anayeitwa ni mpiga mbiu wa mahakama, mtu asiye na hata kiwanja. Mpiga mbiu anakiri kwamba ndiye mdhamini. Mlalamikaji anaomba wapewe nafasi watete kando, wanatoka wote wawili, kisha mlalamikaji anarudi peke yake. Mpiga mbiu ametokomea! Mahakama inakasirika kwa adabu, inampa mlalamikaji ardhi, na wale warithi waliopokonywa inawapa haki ya kudai ardhi yenye thamani hiyohiyo kutoka kwa mpiga mbiu. Mlalamikaji anairudisha ardhi kwa rafiki yake, sasa ikiwa huru haina kufuli. Mchezo huo ulichezwa mbele ya majaji wenye majoho, kesi baada ya kesi, mpaka ulipofutwa mwaka 1833 na kuwekewa hati ya kawaida mahali pake.

Kufuli likishafunguka, mwana mpotevu naye amefunguliwa. Katikati ya karne ya 17, wakati wa vita kati ya Mfalme na Bunge, wenye mashamba walihofia kufilisiwa na upande wowote utakaoshinda, na mawakili wao, Orlando Bridgeman akiwa maarufu kuliko wote, wakabuni mpango mpya. Hati inaandikwa kabla ya ndoa ya mrithi. Baba wa bwana harusi anabaki na haki ya maisha yake tu. Baada yake mwanawe anayeoa, naye haki ya maisha yake tu. Baada ya hapo ardhi inamwendea mwana wa kwanza wa kiume atakayezaliwa katika ndoa hii, ikiwa imefungwa kwa kizazi chake cha kiume. Asipokuwepo huyo, wa pili, kisha wa tatu, na kuendelea. Wakikosekana wote, hati inataja nani: huenda mdogo wa bwana harusi na wanawe wa kiume. Katikati wanawekwa wadhamini, watu wazima wenye heshima zao, wa kulinda haki ya mtoto ambaye hayupo ili baba na babu wasishirikiane kuila kabla hajazaliwa.

Sasa mtazame baba wa tamthilia yako. Ana haki ya maisha tu. Aliyekuwa apate umiliki ni mwanawe wa kiume, na Mungu hakumjalia. Binamu anasubiri kwa mujibu wa hati aliyoisaini babu. Wasia unaingia wapi hapo?

Majaji walikubali kufunga hivi ila waliweka mpaka. Katika kesi ya familia ya Duke wa Norfolk, iliyoamuliwa mwaka 1682, ilianza kanuni kwamba huwezi kuifunga ardhi milele. Baadaye ikatulia hivi, kwamba mwisho ulikuwa uhai wa mtu aliyekwisha kuwepo na miaka 21 juu yake. Utauliza, basi mbona mashamba yale yalikaa katika familia moja karne mbili au tatu? Jibu ni mbinu ya nyumbani, na naikubali werevu wake ingawa siipendi.

Mjukuu alipotimiza miaka 21 angeweza kushirikiana na baba yake kuifungua ardhi. Peke yake hakuweza kuifungua kikamilifu, kwa sababu baba ndiye aliyekuwa ameikalia. Na kijana wa miaka 21 wa nyumba kubwa ni nani? Ni mtu aliyelelewa kitajiri asiye na senti yake, mwenye madeni ya farasi na kamari London, au mwenye mchumba anayemngoja. Baba anamwita chumbani. Anamwambia: nitakupa pauni 300 kila mwaka kuanzia leo, na ruhusa ya kuoa, ila tutie saini hati hii kwanza. Kijana anasaini. Hati inaifungua ardhi asubuhi na kuifunga tena mchana, na yeye aliyekuwa mmiliki mtarajiwa anatoka mle chumbani akiwa na haki ya maisha tu, umiliki ukiwa umesukumwa kwa mtoto wake ambaye hajazaliwa. Miaka ishirini na mitano baadaye atamwita mwanawe chumba hichohicho. Hakuna sheria iliyowafunga milele. Kila kizazi kilijifunga upya kwa kushikwa pabaya kikiwa kijana.

Kuna kesi moja inayoonyesha vizuri baba alikuwa nani katika mpango huu. Christopher Vane, Lord Barnard, alikuwa na kasri la Raby huko Durham, kaskazini mwa Uingereza. Mwanawe Gilbert alipooa, baba alitia saini hati ya ndoa: Raby ibaki kwake maisha yake yote, kisha imwendee Gilbert na kizazi chake. Hati ilimpa baba ruhusa pana, kwamba asije akashitakiwa kwa kuharibu mali. Kifungu hicho kilikuwa cha kawaida, kiliwawezesha wazee kukata miti na kuuza mbao. Kisha mzee akakosana na mwanawe. Akakusanya mafundi mia mbili na ndani ya siku chache wakang'oa nyumbani kila kilichong'oka: madini ya risasi yaliyoezekea paa, vyuma, vioo, milango, mbao za sakafu, mali ya pauni 3,000 kwa thamani ya wakati ule. Kama siwezi kumnyima mwanangu nyumba, ni kama alijiambia hivyo, basi nitamwachia kuta.

Mwana akaenda Mahakama ya Chansela, ile iliyohukumu kwa insafu pale sheria kavu iliposhindwa. Mzee akaonyesha kifungu chake: hamwezi kunigusa, nimeruhusiwa kuharibu. Mwaka 1716 Chansela Cowper akakataa. Ruhusa ya kukata miti siyo ruhusa ya kulibomoa kasri lenyewe ambalo hati iliandikwa kulihifadhi. Akazuiwa kuendelea na akaamriwa airudishe nyumba katika hali iliyokuwa nayo. Raby bado imesimama, watu hulipa kiingilio kuitazama. Mzee yule alikuwa bwana wa kaunti na mjumbe wa Nyumba ya Malodi, lakini ndani ya nyumba yake mwenyewe alikuwa mlinzi.

Twende kwenye pesa za bibi harusi. Hapana, siyo mahari iliyogeuzwa, ingawa naelewa kwa nini inaonekana hivyo. Mahari yetu, iwe ni haki ya mke mwenyewe kama Uislamu unavyoelekeza au ng'ombe wa kwenda kwa wakwe kama bara, hutoka upande wa mume. Kwao fungu la binti lilitoka kwa baba yake likaenda kwa familia ya mume, na kwa malipo hayo familia ya mume ilijifunga kumlipa kiasi maalumu kila mwaka pindi atakapofiwa. Nikitafuta kifani karibu, naona pensheni. Baba anamnunulia binti yake pensheni ya ujane kutoka kwa wakwe.

Kabla ya hapo mjane alikuwa na haki ya kisheria ya theluthi ya ardhi ya mumewe maisha yake yote. Theluthi! Familia ziliichukia kwa sababu huwezi kuipunguza wala kuipanga. Sheria ya mwaka 1536 ikaruhusu mke akubali kabla ya ndoa pato maalumu la ujane, na akishakubali theluthi inafutika. Kufikia mwishoni mwa karne ya 17 bei ya sokoni ilikuwa imetulia: kila pauni 1,000 za fungu la binti zilinunua pauni 100 kwa mwaka za ujane. Katikati ya karne ya 16 karibu nusu ya fungu hilo ilitosha kununua pato lilelile. Yaani bei ya kuolewa vizuri ilipanda, na aliyeilipa ni baba wa binti.

Nitoe mfano wa kubuni, hesabu zikiwa za kawaida kwa karne ya 18. Shamba lina pato la pauni 2,000 kwa mwaka. Bibi harusi analeta pauni 5,000. Hati inaahidi pauni 500 kwa mwaka akiwa mjane. Inamtengea pauni 100 kwa mwaka akiwa ndani ya ndoa, zinazoitwa pesa za pini, za nguo na mambo yake, ili asiwe anamwomba mume kila anapotaka ushungi. Na inatenga pauni 5,000 za kugawiwa wadogo wa mrithi, wasichana na wavulana, wakifika miaka 21 au wakiolewa.

Hizo 5,000 alizokuja nazo zinakwenda wapi? Mara nyingi zinaingia mlango wa mbele na kutokea mlango wa nyuma. Baba wa bwana harusi naye ana binti wa kuoza, na hati yake ya zamani inamdai fungu la binti huyo. Kwa hiyo fungu la mkaza mwana linakuwa fungu la wifi yake. Pesa zilizunguka hivyo nyumba hadi nyumba, na ndiyo maana ndoa moja ikivunjika posa nyingine mbili zilitikisika. Pesa taslimu isipopatikana, ardhi iliwekwa rehani. Tangu 1714 sheria haikuruhusu riba kuzidi asilimia 5, basi deni la 5,000 lilikula hadi 250 kwa mwaka. Piga hesabu: mama mjane 500, riba 250, bibi naye yu hai bado na pato lake la ujane. Mrithi anayeitwa mtu wa 2,000 kwa mwaka huenda mkononi anabaki na nusu. Kwenye tamthilia ukimwona kijana wa jumba kubwa anatafuta mwenye pesa badala ya ampendaye, usimlaumu haraka. Ana wanawake wawili wenye eda isiyokwisha wa kuwalisha.

Na kamari yake mama mkwe ataiona mara moja. Mke akitangulia kufa, na uzazi uliwaua wengi, familia ya mume inabaki na fungu lote na ujane haulipwi kamwe.

Kulikuwa pia na hatari iliyo karibu zaidi, yaani mume mwenyewe. Mwanamke akishaolewa, pesa na vyombo vyake vilikuwa vya mumewe, na ardhi yake ilisimamiwa na mumewe. Dawa ilikuwa ileile ya wadhamini: mali iandikwe mikononi mwao kwa matumizi ya mke peke yake, na Mahakama ya Chansela iliiheshimu. Lakini mke angeweza kubembelezwa au kupigwa mpaka aiuze. Kwa hiyo mwishoni mwa karne ya 18 kikaongezwa kifungu cha ajabu kilichomzuia mke kuuza au kuweka rehani pato lake la baadaye hata akitaka mwenyewe, ili mume asilipate kwa busu wala kwa kofi. Wakati huo msichana asiye na baba wa kulipa wakili hakuwa na chochote cha hayo. Ni mwaka 1882 ndipo Bunge lilipompa kila mke haki ya kumiliki mali yake kama mtu, jambo ambalo mke wa Kiislamu alikuwa nalo tangu zamani.

Hapo utaelewa pia kwa nini binti akitoroshwa baba hupanda farasi usiku wa manane. Aibu ipo, ndiyo. Lakini hati lazima isainiwe kabla ya ndoa. Sheria ya mwaka 1753 ilidai idhini ya wazazi kwa aliye chini ya miaka 21 anayefunga ndoa kwa leseni huko Uingereza, ila haikufika Scotland, kwa hiyo watoro walikimbilia Gretna Green, kijiji cha kwanza ng'ambo ya mpaka. Wakirudi wakiwa mume na mke, baba wa msichana hana tena cha kujadiliana. Anaomba tu.

Mabinti, basi. Wanahistoria wamebishana sana kama hati hizi ziliwalinda au ziliwakandamiza. Mimi naona inategemea kama ana kaka. Binti mwenye kaka, kwa sheria tupu, asingegusa ardhi. Hati ilimhakikishia fungu lake bila kutegemea huruma ya kaka huyo. Binti asiye na kaka ndiye aliyeumia, kwa sababu sheria tupu ingempa vyote.

Na wasia, ule unaouona kama suluhisho, ungeweza kuwa ndio mwizi. Anne Clifford alizaliwa 1590, mtoto pekee aliyebaki hai wa Earl wa Cumberland. Ardhi za Clifford huko kaskazini zilikuwa zimefungwa tangu enzi ya Edward wa Pili kwa kizazi chote, awe mume awe mke. Baba alipokufa mwaka 1605 wasia wake uliipa ardhi hiyo kwa ndugu yake, na binti wa miaka 15 akaachiwa pauni 15,000. Kufuli la karne tatu lilikuwa upande wa Anne. Wasia ndio uliomgeuka. Akaolewa 1609 na Richard Sackville, bwana wa jumba la Knole huko Kent, mpenda anasa aliyetaka mkewe akubali pesa badala ya ardhi. Mume alifikia kumwondolea mtoto wao mdogo ili alegee. Mwaka 1617 akaitwa mbele ya Mfalme James mwenyewe, akaambiwa asaini. Akakataa. Mfalme akaamua bila saini yake, ardhi ikabaki kwa ami na wanawe wa kiume, mume akalipwa fidia.

Anne alisubiri. Ami akafa, binamu akafa mwaka 1643 bila kuacha mwana wa kiume, na ardhi ikamrudia akiwa na miaka 53. Akapanda kaskazini, akajenga upya ngome za baba zake, Skipton, Appleby, Brougham, Brough na Pendragon, akahama toka moja hadi nyingine na msafara wake kama malkia mdogo, mpaka alipofariki Brougham mwaka 1676 akiwa na miaka 86. Cha kuchekesha kwa uchungu ni Knole, jumba alimolia ujanani. Mwaka 1928 Lord Sackville alifariki humo, akiacha binti mmoja tu, jina lake Vita, aliyezaliwa na kukulia mle na kulipenda kuliko kitu chochote. Jumba likaenda kwa ami yake.

Familia isiyo na mtoto kabisa ilikuwa na njia nyingine: kumchukua wa mbali na kumpa jina. Edward, kaka wa mwandishi Jane Austen, alichukuliwa na jamaa matajiri wasio na watoto, akarithi mashamba ya Godmersham na Chawton, na mwaka 1812 akabadili ukoo akawa Knight. Mtangulizi wake alikwisha badili mara mbili, kutoka Brodnax kuwa May mwaka 1727 na kutoka May kuwa Knight mwaka 1738, kila mara kwa sheria ya Bunge ili apate mirathi nyingine. Inasimuliwa kwamba mbunge mmoja alichoka akapendekeza itungwe sheria moja ya kumruhusu bwana huyu ajiite apendavyo.

Mpango mzima uliuawa na ngano. Kuanzia miaka ya 1870 nafaka ya bei nafuu kutoka Marekani ilishusha kodi za mashamba, wakati pato la wajane na mafungu ya wadogo yalikwisha kuandikwa kwa pauni zisizoshuka. Mwaka 1882 sheria ikamruhusu mwenye haki ya maisha auze ardhi, pesa zishikwe na wadhamini. Wengine walitafuta mabibi harusi ng'ambo: Duke wa Marlborough alimwoa Consuelo Vanderbilt wa New York mwaka 1895, na hati ya ndoa ilikuja na hisa za reli za dola milioni 2.5. Kodi ya mirathi iliyoanza 1894 ilimalizia wengi. Na tangu 1 Januari 1997 haiwezekani tena huko kuifunga ardhi upya kwa mtindo wa 1285.

Swali la mwisho, la pwani. Hati zile hazikuja, maana mirathi ya Waislamu iliachiwa makadhi. Waliokuja ni majaji. Wazee wa pwani walikuwa na njia yao ya kulinda nyumba na shamba la minazi lisiuzwe: wakfu wa familia, wafaidike watoto, kisha wajukuu, na kizazi kikikatika faida iende kwa maskini. Mwaka 1894 Privy Council ya London, mahakama ya mwisho ya rufaa kwa makoloni, katika kesi iliyotoka Bengal, iliukataa wakfu wa namna hiyo. Ilisema sadaka kwa maskini iko mbali mno, kilichopo ni mtu kutaka kuitajirisha familia yake kizazi hadi kizazi. Majaji wa nchi ya Raby na Knole ndio waliosema hivyo, na sijawahi kuisoma hukumu ile bila kutabasamu. India ilitunga sheria ya kuihalalisha tena mwaka 1913, lakini sheria hiyo haikuvuka bahari. Mahakama za Afrika Mashariki ziliendelea kufuata hukumu ya 1894, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 familia moja ilifika nayo London kutoka Kenya na kushindwa vilevile. Dawa ilipatikana Nairobi, katika sheria ya Makamishna wa Wakfu ya mwaka 1951 iliyoutambua wakfu wa familia. Kwa hiyo, mwanangu, mwenye nyumba Mji wa Kale wa Mombasa leo anaweza kuwawekea wajukuu ambao hawajazaliwa, wa kiume na wa kike. Bwana wa Kent hawezi tena kuifunga ardhi yake kama walivyofunga mababu zake.